Leza ya pembe nyembamba ya jicho: ilichomfanyia mama na ilichonifanyia mimi

Watu wa hapa Mafinga wanaojua habari ya macho ya kwetu wakikutana na mimi sokoni swali ni hilo hilo, dada hivi ile leza inasaidia kweli au ni kula hela za watu tu? Wanaulizia ile leza ya kutoboa kitundu ndani ya jicho, kwa watu ambao maji ya ndani ya jicho yanakosa njia ya kutokea na presha ya jicho inapanda. Na mimi siku zote naanza kwa kuuliza, unaulizia jicho la nani, na lilipigwa lini. Maana kwenye familia yetu leza hiyo hiyo, aina ile ile, imefanya kazi safi kabisa kwenye macho matatu, na kwenye jicho la nne ilifika ikakuta mambo yameshaharibika. Macho matatu ni yangu mawili na la kushoto la mama. La nne ni la kulia la mama. Kwahiyo ukiniuliza kwa ujumla ujumla nitakudanganya, ila ukinipa nafasi nitakueleza kila jicho lilivyokua.

Nianze na mama maana ndo kwake tulikojifunzia. Mama ana miaka sabini na kitu, anaishi kijijini huku juu Mufindi upande wa mashamba ya chai, na July kule baridi yake mnaijua. Alikua na mafua makali akamtuma mtoto dukani akamletea vidonge vya mafua vile vya kukausha makamasi, akameza. Jioni yuko jikoni kainama anachagua maharage kwa mwanga wa kibatari, kichwa kikamshika ghafla upande wa kulia, juu ya nyusi, kikashuka mpaka kwenye jicho. Akafikiri ni moshi wa kuni. Usiku akaanza kutapika, anatapika mpaka hana kitu tumboni, na asubuhi jicho la kulia jekundu, anaona ukungu, na ukimuwashia tochi ya simu anasema inazungukwa na duara za rangi rangi.

Sasa mtu mzima anaumwa kichwa na anatapika, huku kwetu kila mtu anajua ni malaria. Walipompeleka kutibiwa pale karibu walimpima malaria ikawa hakuna, wakasema basi labda ni presha, mwingine akasema vidonda vya tumbo, akapewa dawa ya maumivu na ya kuzuia kutapika, na lile jicho jekundu likapewa mafuta ya antibayotiki kama jicho la maambukizi. Siwalaumu sana kama watu, kichwa na matapishi vinapiga kelele kuliko jicho, ila naandika hili kwa uchungu kwasababu muda ule ndo ulikua muda wenyewe. Siku zikaenda. Jirani mmoja akaja na majani ya kukamulia ndani ya jicho, nashukuru Mungu mdogo wangu anayeishi na mama alikataa katakata.

Huyo mdogo wangu ndo alishtuka. Alimwambia mama funga macho, akaweka kidole juu ya kope la kushoto akabonyeza taratibu, linabonyea kidogo, akaweka juu ya la kulia, halibonyei kabisa, gumu. Akanipigia simu saa hiyo hiyo analia. Mimi sikujua maana yake ila nilijua jicho haliwi gumu hivi hivi tu, nikasema mleteni Mafinga kesho asubuhi na mapema twende Iringa.

Kliniki ya macho walipompima presha ya jicho la kulia ilikua 58. Kawaida inatakiwa icheze kati ya 10 na 21. La kushoto lilikua 19. Daktari aliyempokea, kijana mpole sana, alimshika mama mkono akamwambia shikamoo bibi, pole sana, hapa tunakimbizana na muda. Wakamtundikia dripu ya manitoli, wakampa vidonge vya Diamox, matone ya timololi, zote ni dawa za kushusha presha ya jicho, na presha ilipoanza kushuka wakaongeza matone ya pilokapini ya kuifanya mboni isinyae. Kabla ya kumpa Diamox walimuuliza kama amewahi kuvimba au kutoka mapele kwa dawa za salfa kama septrin, hii nayo mkumbuke, maana dawa hizo zina undugu. Vidole vilimfa ganzi akawa anakwenda haja ndogo kila saa, tukaambiwa ni kawaida ya dawa hiyo.

Yule daktari ndo alitueleza ugonjwa wenyewe, na alitueleza vizuri mpaka leo naweza kumweleza mtu mwingine. Ndani ya jicho kuna maji, sio machozi, ni maji ya ndani kabisa yanayotengenezwa muda wote nyuma ya irisi, yaani lile duara la kahawia linalozunguka mboni. Yakitengenezwa yanapita kwenye tundu la mboni yanakuja mbele, halafu yanatokea kwenye kona, pale irisi inapokutana na ukuta wa jicho, kuna kichujio. Hiyo kona ndo wanaita pembe. Kuna watu wamezaliwa na macho mafupi kidogo, pembe yao ni nyembamba, na umri ukienda lenzi ya jicho inanenepa inaisukuma irisi mbele pembe inazidi kubana. Sasa siku mboni ikitanuka nusu, ukiwa gizani au kwa dawa fulani, irisi inagusana na lenzi, maji yanakwama nyuma, yanaisukuma irisi mbele inakwenda kulala juu ya kichujio. Kwa sisi tunaolima vinyungu bondeni hii haihitaji maelezo marefu, mfereji wa kutolea ukizibwa na maji bado yanaingia unajua mboga zako zitakua na hali gani kesho yake. Kwenye jicho kinachozama ni mshipa wa fahamu wa nyuma, na ule ukifa haurudi.

Ndo maana vile vidonge vya mafua na kile kibatari na kule kuinama vyote vilikutana jioni moja. Daktari alisema mafua yenyewe hayana kosa, pembe ilikua nyembamba miaka yote, ilikua inasubiri siku.

Presha iliposhuka tukapewa rufaa kwenda Dar kupigwa leza. Safari ya kushuka Kitonga na mgonjwa anayesikia kichefuchefu sitaieleza, wenyewe mnaijua ile milima. Ukoo ulichanga, kikoba chetu cha mafundi cherehani kikanikopesha.

Kule Dar kazi ikawa kwa mama mwenyewe. La kulia alikubali. Alipoambiwa na la kushoto litapigwa akagoma, akamwangalia daktari akamwambia, mwanangu, hili ndo zima, ndo linaloniongoza njia, sasa mnalitoboa la nini? Daktari hakukasirika, akavuta kiti akakaa, akamwambia mama, jicho hili na lile ni ndugu wa tumbo moja, pembe zao zinafanana, mtu akishapata shambulio jicho moja na lingine likiachwa bila kutibiwa, karibu nusu ya watu linawapata ndani ya miaka mitano. Leza inatoboa kitundu kidogo sana pembeni mwa irisi, maji yakikwama kwenye mboni yanapita kwenye kitundu. Akamwambia pia sio jambo la majaribio, kabla ya leza walikua wanakata tundu hilo kwa kisu, Mjerumani mmoja Albrecht von Graefe alionyesha tangu mwaka 1857 kwamba linasaidia, leza imekuja tu kuondoa kisu. Mama akakaa kimya kidogo akasema haya, kama mzungu alikata kwa kisu watu wakapona, basi nipigeni hiyo taa.

Na lile la kushoto, mpaka naandika hapa, halijawahi kuuma. Presha yake 14, 15, bila tone lolote la dawa. Anasoma Biblia yake kwa miwani, anachagua maharage, anatambua mtu akiwa bado barabarani. Mtu akiniambia leza haifanyi kazi namuonyesha jicho la kushoto la mama.

La kulia ni habari nyingine. Leza ilipigwa vizuri, kitundu kipo wazi, ila presha ikabaki 28. Tulichanganyikiwa, tukahisi hawajapiga sawa. Kumbe irisi ilikaa imelala juu ya kichujio muda mrefu mpaka ikagandia, kovu limeshika sehemu kubwa ya pembe. Kitundu kinaondoa msukumo wa nyuma, hakibandui kilichogandia. Kwahiyo mama akaendelea na matone kila siku, na baadaye madaktari wakashauri aondolewe lenzi, maana alikua na mtoto wa jicho pia, na lenzi nene ndo inayobana pembe, ikitolewa ikawekwa ile nyembamba ya bandia nafasi inaongezeka.

Hapo mpwa wangu anayesomea udaktari Mbeya akanieleza kwamba hilo limefanyiwa utafiti mkubwa, ulitoka mwaka 2016, watu 419 wa miaka 50 kwenda juu ambao pembe zao zimefunga na wengine tayari wana presha ya macho, yaani ule ugonjwa wenyewe unaoua mshipa wa fahamu wa jicho, wanaita glakoma, nusu wakatolewa lenzi moja kwa moja hata kama haina ukungu, nusu wakapewa leza na matone. Baada ya miaka mitatu waliotolewa lenzi walikua na presha ya chini zaidi kidogo na maisha yao yalikua mepesi zaidi, wengi hawakuhitaji matone. Kwahiyo kwa mtu aliyefika hatua ile, leza sio neno la mwisho. Mama alipofanyiwa presha ilishuka 17 akabaki na tone la aina moja.

Ila kuona hakukurudi. Hili nalisema wazi kwasababu watu wanauza hadi ng'ombe wakitegemea leza itarudisha macho. Ukimfunika mama jicho la kushoto ukasimama mbele yake anakuona kuanzia kifuani kushuka chini, kichwa chako hakioni. Ndo kipande kilichobaki. Leza, matone, upasuaji, vyote vile vinalinda kilichobaki.

Sasa mimi. Yule daktari wa Iringa kabla hatujaondoka siku ile ya kwanza alituambia watoto wote wa mama wenye miaka 40 kwenda juu wapimwe pembe, na ndugu zake mama vilevile. Mimi ndo wa kwanza kwenda, na nilikua na sababu zangu. Nimevaa miwani ya kukuza tangu nikiwa msichana, ile mikubwa inayofanya macho yaonekane makubwa, na macho ya namna hiyo mara nyingi ndo mafupi. Halafu mimi ni fundi cherehani, msimu wa sare za shule nakesha nimeinama kwenye kitambaa cheusi kwa taa moja, na kwa muda mrefu nilikua ikifika usiku napata maumivu juu ya nyusi, taa ya jirani naiona na duara, nikilala nikaamka imeisha. Nikajua uchovu. Kumbe ukilala mboni inasinyaa, pembe inafunguka, presha inashuka yenyewe. Ni mashambulio madogo madogo yanakuja na kuondoka.

Kipimo chenyewe cha pembe wanaita gonioskopi na hiki ndo nataka mtu akishike. Kupimwa presha peke yake hakutoshi. Kuangaliwa nyuma ya jicho peke yake hakutoshi. Mimi mchana ule presha ingeweza kuwa nzuri tu nikaambiwa nenda mama uko salama. Gonioskopi wanakuwekea tone la ganzi, halafu wanaweka kilenzi chenye vioo ndani moja kwa moja juu ya jicho, na taa wanazima chumba kiwe na giza, wanaangalia ile kona kwa kupitia kioo maana ukitazama jicho kwa mbele tu kona haionekani. Haiumi, inasumbua tu kama kuna kitu kimekaa. Daktari alinyamaza muda mrefu akizungusha kile kilenzi, akasema pembe zako zimefunga zaidi ya nusu, na sehemu mbili tatu imeanza kugandia, presha 25 na 23, lakini mshipa wako wa fahamu ni mzima kabisa. Akarudia, mzima kabisa. Nilitoka mle ndani nikakaa kwenye benchi la nje nikalia kwa furaha, watu wakidhani nimepewa habari mbaya.

Leza yenyewe nieleze vizuri maana watu wanaogopa wanafikiri ni kuchomwa moto. Kwanza matone ya pilokapini, yanaivuta irisi ikae tambarare na nyembamba, hapo kichwa kinauma juu ya nyusi na unaona giza giza, jiandae. Tone lingine la kuzuia presha isipande ghafla. Baada ya hapo unaingia, unakaa kwenye kiti, kidevu kwenye mashine, paji la uso linagusa mkanda, tone la ganzi, kisha daktari anabandika lenzi yenye jeli juu ya jicho, na hiyo lenzi inakuzuia hata kupepesa. Anakuambia angalia pale usisogee. Unasikia kako, kako, na kila kako unaona mwanga mkali, na mara moja moja unachomwa kidogo ndani ndani, kama sindano ya cherehani ikikugusa kidole ila haitoboi. Mimi nilikua nahesabu kimoyomoyo nyimbo za kwaya. Dakika chache, jicho moja limeisha. Daktari alisema ameona maji yamechomoza kutoka nyuma kupitia kitundu, ndo anavyojua kimetoboka.

Hulazwi. Unakaa nje kama saa moja wanakupima tena presha, maana kwa baadhi ya watu inapanda mara baada ya leza na ndo athari wanayoiogopa zaidi siku ile. Yangu haikupanda. Ukungu ulikuwepo siku nzima, jicho likawa jekundu kidogo, nikapewa matone ya steroidi ya kupoza uvimbe kwa siku chache na nikaambiwa nisiyaendeleze kwa kujinunulia, kwasababu hayo hayo yakitumika muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho. Kitundu chenyewe ukijitazama kwenye kioo hukioni, kimewekwa juu kule kope linapofunika.

Kuna kitu kimoja kilinisumbua. Kwa miezi ya mwanzo jicho la kushoto nikikaa chini ya taa ndefu au kwenye jua la saa kumi nilikua naona kimstari cheupe chembamba cha mwanga upande wa chini, nikipandisha kope kwa kidole kinabadilika. Niliporudi nikaambiwa ni mwanga unaoingia kupitia kitundu, watu wachache hupata, sio hatari. Kilipungua polepole na sasa mpaka nikitafute. Wengine hutokwa damu kidogo ndani wakati wa kupigwa, inakauka yenyewe, na kuna macho ambayo kitundu kinajiziba inabidi kirudiwe. Nayasema ili mtu asiende akidhani ni kama kupaka wanja.

Niliporudi walifanya gonioskopi tena. Presha 16 na 17, na pembe imefunguka sehemu kubwa, zile sehemu zilizogandia zimebaki vile vile lakini hazijaongezeka. Maumivu ya usiku yameisha, duara za taa zimeisha, nashona sare mpaka usiku wa manane na nimeweka taa mbili. Kila mwaka naenda kupimwa, na nitaenda mpaka mwisho, maana lenzi inaendelea kunenepa na kuna watu ambao pembe inabana hata na kitundu kikiwepo, kwasababu shida yao sio maji kukwama kwenye mboni peke yake, ni umbo la irisi lenyewe.

Mdogo wangu yule aliyegusa jicho la mama, yeye alipopimwa alikutwa na pembe nyembamba tu. Presha nzuri, hakuna kugandia, mshipa mzima. Nilitaka apigwe leza siku hiyo hiyo. Daktari akasema ngoja, tuongee. Akatueleza utafiti wa China, mji wa Guangzhou, ulitangazwa mwaka 2019, walichukua watu 889 wenye pembe nyembamba kama yake, miaka 50 mpaka 70, kila mtu akapigwa leza jicho moja na lingine likaachwa. Baada ya miaka sita macho yaliyopata shida kwenye yale yaliyopigwa ni 19, na yaliyoachwa ni 36. Kwahiyo leza imepunguza karibu nusu, ni kweli, lakini angalia, hata yale yaliyoachwa walioumia ni wachache sana kati ya watu wote wale. Ndo maana watafiti wenyewe wakasema sio lazima kumpiga leza kila mwenye pembe nyembamba. Walipoendelea kuwafuatilia mpaka miaka 14 faida ikaonekana kubwa zaidi, hatari imepungua kwa kama theluthi mbili.

Mimi msimamo wangu niliusema pale pale na bado ninao. Wale wa Guangzhou walikua wanafuatiliwa kwa karibu na watafiti, wakiumwa wana mahali pa kukimbilia. Mdogo wangu yuko kijijini, mvua ikinyesha siku mbili gari halipandi, na mama yake mzazi ameshapoteza jicho kwa ugonjwa huu huu. Kwa mtu wa mazingira hayo naona kitundu kidogo ni amani kubwa kuliko kusubiri. Daktari alikubali kwamba umbali wa hospitali na historia ya ukoo ni vitu vya kuweka kwenye mizani, akasema uamuzi ni wa mgonjwa. Mdogo wangu ameamua kusubiri, anapimwa kila mwaka, anajua dalili kuliko nesi, na vidonge vya mafua hagusi bila kuuliza. Namheshimu, jicho ni lake.

Lingine, baada ya mimi kupona mzee mmoja jirani yangu hapa mtaani mwenye presha ya macho alisafiri kwenda kudai leza kama ya fundi. Wakamwambia baba, pembe yako iko wazi, tundu halitakusaidia kitu. Akarudi amekasirika anahisi wamembagua. Nikamtafuta mpwa wangu amweleze kwa simu. Presha ya macho iliyo nyingi hapa kwetu ni ile ya pembe iliyo wazi, walipopima watu wa vijiji vya Kongwa kule Dodoma, watu 3268 wa miaka 40 kwenda juu, waliokua na presha ya macho ni kama asilimia 4, na ndani yake wengi ni pembe wazi, asilimia 3.1, wenye pembe iliyofunga hawafiki hata asilimia moja. Hiyo ya pembe wazi inakuja kimya kimya, haina maumivu. Na yenyewe ina leza yake, tofauti kabisa, haitoboi irisi, inapigwa kwenye kichujio chenyewe ili kifanye kazi vizuri. Hiyo ilijaribiwa hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, matokeo yakatoka 2021, baada ya mwaka mmoja ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, matone ya timololi yalifanikiwa kwa asilimia 31. Mzee alirudi kliniki kuulizia hiyo ya kwake. Kwahiyo mtu asikuambie tu nimepigwa leza ya presha, muulize ipi.

Kama unaenda kliniki nenda na majina ya dawa zote unazotumia, hata za kikohozi, za mzio, za usingizi, za tumbo la kukata, maana nyingi zinatanua mboni. Uliza moja kwa moja, pembe yangu umeiangalia kwa kile kilenzi? Imeanza kugandia au bado? Mshipa wa fahamu ukoje? Madaktari wazuri hawakasiriki ukiuliza, wangu alifurahi. Na kama mtu mzima nyumbani ana kichwa upande mmoja, anatapika, na jicho la upande ule ni jekundu na linaona ukungu, usisubiri asubuhi nyingine. Hiyo ni dharura.

Kaka yetu mkubwa yuko Makambako na biashara yake ya mbao, ana miaka karibu sitini, anavaa miwani ya kukuza kama mimi, na hajapimwa. Anasema haumwi. Nimeongea na mke wake, wifi yangu tunaelewana, na wiki ijayo napeleka mama Iringa kuchukua matone, kaka atatuendesha yeye. Kadi yake nimeshamwambia nesi aiandike.